Naondoka L'shi (Lubumbashi, Kongo): deni la likelemba na pipa la karindula

Kutoka: Mpiga Besi, Katuba

Wakubwa shikamooni, wengine habari za L'shi.

Mwisho wa mwezi narudi Mbeya moja kwa moja. Mke yuko kule na watoto wawili, na yule mdogo akiulizwa baba yuko wapi anaonyesha simu. Kurudi hakuna mjadala. Ninachoomba ushauri ni namna ya kuondoka, maana naona kuwaaga wanamuziki wa hapa ni kazi kuliko kuvuka mpaka wa Kasumbalesa.

Wanaonifahamu wanajua nilikuja 2016 nikiwa utingo. Lori likafa injini, tukasubiri kipuri wiki tatu, na kila jioni nasikia magitaa ng'ambo ya ukuta. Siku ya nne nikaenda kuchungulia. Nilikuwa nimepiga besi kidogo kanisani kwetu. Hawakuniuliza karatasi wala ufundi, waliniuliza kama nimekula. Nikawekewa bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kisha nikashikishwa besi yenye nyuzi tatu. Lori lilipopona, mimi sikupanda.

Hela ya muziki mnaijua: harusi, matanga, baa za wikendi, basi. Lakini mwaka niliolala na malaria wiki mbili, kila walipotoka kupiga waliniletea bahasha. Sikuwa nimegusa hata uzi mmoja. Kiongozi akasema tu, "Hii njo yako," akaondoka.

Na mambo mengine nimejifunza hapa hapa. Nyuzi mpya za besi ni ghali, kwa hiyo hazitupwi. Zikianza kufa sauti unazifungua, unazikunja duara, unazichemsha kwenye sufuria dakika kumi hivi. Jasho na uchafu wa vidole vinatoka, maji yanageuka rangi ya chai. Unazifuta, unazianika, unazirudisha, zinalia tena wiki mbili tatu. Sufuria ni ya mke wa kiongozi, na miaka yote analalamika kwamba mboga inanuka chuma.

Sasa shida zenyewe. Ya kwanza ni likelemba, upatu wa huku. Tuko kumi na wawili, dola 20 kila mtu kwa mwezi. Mimi nilikula zamu ya tatu, ikaenda kwenye ada ya shule. Tumemaliza mwezi wa saba, kwa hiyo nadaiwa mitano, dola 100. Nauli na mizigo vimenikausha. Kuna mwenzetu, simtaji, ameniambia nipande gari alfajiri, nikishafika nitajua la kufanya.

Ya pili ni zawadi. Vieux wetu, yaani mzee wetu, yule anayepiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada tu, amenitengenezea karindula. Kwa msioijua: ni pipa la mafuta, limewambwa ngozi ya mbuzi mdomoni, likachomekwa mti mrefu wenye nyuzi nne. Ukiipiga inatikisa mpaka benchi uliyokalia. Imenifika kifuani. Nitaipandishaje basi?

Kutoka: Mama Vitenge, Kamalondo

Baba, usithubutu hiyo alfajiri. Huyo aliyekushauri nadhani namjua, na kama ndiye, aeleze pia alichotuachia. Miaka mitatu iliyopita Mtanzania mmoja alikula zamu ya kwanza kwenye likelemba ya soko letu, akatoweka na begi moja. Mpaka leo Mtanzania akiomba kuingia anaambiwa alete mdhamini Mkongomani, na hata akikubaliwa anapewa zamu ya mwisho. Mimi nina miaka kumi na moja hapa, nauza vitenge, nalipa kwa wakati, na bado nasubiri mwisho kwa dhambi ya mtu mwingine.

Nenda kwa kiongozi wako mchana, si usiku, na usiende mikono mitupu. Mweleze mbele ya wote, asije akaonekana amekuficha. Kama una kitu cha thamani, kiweke mezani kabla hawajakuuliza.

Kutoka: Dereva wa Tunduma

Mkuu, pole na hongera. Kuhusu hilo pipa usiumize kichwa. Ng'oa mti wake, ufunge na kamba pembeni ya mzigo. Pipa lenyewe ni sanduku, shindilia nguo humo. Ila ngozi itoe uiache. Unavuka mipaka miwili, Kasumbalesa na Nakonde, na ngozi ya mnyama utaulizwa karatasi za mifugo ambazo huna. Mbuzi hata Mbeya wapo.

Besi na vifaa vingine viandikie orodha: jina la kifaa, namba yake, na neno "kimetumika". Piga picha. Mwaka jana kijana mmoja aliyejiita wakala alinishika saa nzima kwa spika moja ya kanisa, eti ni ya biashara, mpaka nilipomwonyesha picha yake ikiwa imejaa vumbi madhabahuni. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, iwe mfukoni, si ndani ya pipa. Na njia ni ndefu: Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, halafu Mpika mpaka Nakonde. Beba maji.

Hela za kurudisha deni naweza kuzifikisha, nakuja L'shi karibu kila mwezi. Ila noti ziwe safi. Dola iliyochanika hata ukucha hapo mjini hawaipokei, usinitie aibu.

Kutoka: Mzee wa Ruashi

Kijana, mmesema mizigo tu. Mimi nauliza, huyo vieux umeshamrekodi? Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa huku Katanga, tunamsikia tangu ujana wake kwa sababu Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akiwa na mashine ya kurekodi. Wangapi walipiga vizuri mtaa wa pili bila mashine kufika? Wewe una simu. Mkalishe mahali pasipo na jenereta, simu iwe karibu na gitaa, mwache apige mpaka achoke. Kabla hajaanza mwombe ruhusa, na nakala mwachie mwanawe.

Na usijione unawatupa. Njia hii ina watu. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, hapa Kongo, akaja Dar 1978 kwenye bendi ya Orchestra Makassy, akafia kwetu 2010 tukimwita wetu. Naye kuna watu aliwaacha huku.

Kutoka: Mpiga Besi, Katuba

Asanteni wote. Mama Vitenge, nilikwenda jana mchana, nikapeleka na amplifaya yangu kwenye toroli.

Nilipotaja yale ya alfajiri, kiongozi alikasirika kuliko nilivyomwona siku yoyote. "Ungeenda vile sawa mwizi, tungesema nini ku batu?" Yaani kama mwizi, na wao wangewaambia nini watu. Akanyamaza muda mrefu, akiikagua amplifaya, akiigeuza, akagonga spika kwa kucha. Wameipigia hesabu dola 70. Mimi mwenyewe nisingeinunua kwa 50, ina kebo mbovu na wote wanajua, maana ndio wanaoipiga kofi ikikata. Zilizobaki 30 nitazituma kwa Dereva, noti mpya.

Vieux nimemrekodi dakika arobaini. Katikati jogoo ameingia mara mbili, naye hakusimama. Wimbo mmoja ameukatisha, akasema mashairi ya mwisho ni ya mkewe, si ya simu.

Ngozi tuliitoa pamoja. Alikata mishipi kwa kisu kidogo, taratibu, akaikunja, akasema ataiwamba kwenye ya mtu mwingine. Mke wa kiongozi amenipa ile sufuria ya nyuzi. Amesema hataki kuiona tena jikoni kwake, na nimtumie mpya kutoka Tanzania, yenye kifuniko.

Gari ni Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, na safari hii kila mtu anajua. Mwenye mzigo mdogo wa Tunduma au Mbeya aniletee Katuba kabla ya Jumatano jioni. Pipa bado lina nafasi.