Naomba ushauri: mafuta ya transfoma yanashuka kwenye vizimba vyangu vya sato

Wakuu, habari za asubuhi. Nafuga sato kwenye vizimba huku Luchelele, Mwanza. Juu ya ufukwe kuna karakana inayofungua transfoma chakavu, na mvua ikinyesha mfereji wake unamwaga ziwani. Juzi nilichota maji kwa glasi: juu kuna utando unaong'aa rangi rangi, na ule ukijani niliouzoea haupo.

Kinachoninyima usingizi ni PCB, kemikali ya mafuta ya transfoma za zamani, ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 unataka iondolewe. Haiozi upesi. Haipendi maji, inapenda mafuta, ndiyo maana vimwani (mwani usioonekana kwa macho) huinyonya. Usanisinuru hupungua, seli hukawia kugawanyika. Daiatomu (kundi mojawapo la vimwani) huumia mapema, aina sugu zikabaki kutawala. Na sato wangu wanakula humo humo! Dagaa nao wanakula vijidudu vilivyokula vimwani, sangara anakula dagaa, sumu inarundikana kila hatua mpaka sahanini kwa watoto wetu.

Mwenye uzoefu anisaidie: nipime tope au mafuta ya samaki? Maji peke yake naona yatanidanganya. Sampuli nibebe kwenye chupa ya kioo? Maabara gani nchini inapima PCB, na gharama ikoje? Na vizimba nivihamishe sasa au nisubiri majibu? Navuna mwezi ujao, na sitaki kumuuzia mtu samaki ambaye mimi mwenyewe siwezi kumpikia mwanangu.