Tupeane uzoefu: unajaziaje maji yanayokauka kwenye tangi la samaki wa baharini?

Raskazone (Tanga)

Wadau wa matangi ya maji chumvi, habari za siku. Nafungua uzi huu kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja mtaani kwetu amepoteza samaki wake wote. Nilipokwenda kumpa pole nikakuta kosa lake ndilo nililolifanya mimi mwaka wangu wa kwanza. Kila maji yakipungua, alikuwa anajazia ya bahari. Ufukwe uko dakika kumi, maji ni ya bure, samaki ni wa bahari, angewazaje vingine?

Yangu yalikuwa hivi. Tangi ni la lita 200, ukitoa mawe na mchanga maji yenyewe ni kama lita 160. Lilikuwa linapungua lita mbili kwa siku, nami kila jioni namimina lita mbili za bahari. Siku ya 18 matumbawe yamejikunja, na yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe anahema juu juu. Nikaazima refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ikasoma 43. Maji ya bahari yetu huwa karibu 35, maana yake gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji.

Kinachoruka hewani ni maji matupu. Chumvi inabaki pale pale. Kwa hiyo zile lita 36 nilizomimina ziliongeza zaidi ya kilo moja na robo ya chumvi juu ya iliyokuwemo. Wenye mashamba ya chumvi hapa Tanga hufanya hivyo hivyo kwa makusudi: wanaingiza maji ya bahari, jua linakausha, wanaingiza tena mpaka chumvi ikae.

Niliishusha polepole. Kila siku nilitoa lita tano za tangini na kurudisha lita tano za maji baridi, yale yasiyo na chumvi, kwa muda wa wiki nzima. Samaki alipona. Matumbawe mawili hayakupona, na yalikuwa yameshika vizuri kwenye jiwe.

Tusichanganye mambo mawili. Maji uliyoyatoa mwenyewe kwa ndoo wakati wa kusafisha yanarudishwa kwa maji ya chumvi. Yaliyokauka yenyewe yanarudishwa kwa maji yasiyo na chumvi. Nyie mnajazia maji gani, kwa njia gani, na mmepitia nini?

Tumbawe254 (Nairobi)

Asante ndugu, pole kwa matumbawe. Mimi niko mbali na bahari, chumvi yangu ni ya pakiti. Nilichoka kujaza kwa mkono kila jioni, nikaweka boya kama lile la tangi la choo, likavuta maji kutoka mtungi wa lita 25 niliouweka juu ya kabati. Maji yakishuka, boya linashuka, bomba linafunguka. Ilifanya kazi miezi minne bila shida yoyote.

Usiku mmoja konokono alipanda akakaa juu ya boya, likazama, bomba likabaki wazi. Tangi la chini, lile linalopokea maji ya tangi la samaki na ndimo lilimo boya, lilikuwa na nafasi, kwa hivyo hakuna tone lililomwagika sakafuni, na asubuhi sikuona kitu ila mtungi mtupu. Mfumo wote una lita 100. Nilipima nikapata 28, na kamba wangu wawili wenye mistari myekundu walikuwa wamelala chali. Samaki ana namna ya kupambana na chumvi ikipanda au ikishuka, lakini kamba, konokono na matumbawe hufuata maji yalivyo. Badiliko la ghafla linawaua kabla ya samaki.

Sikuliacha boya. Niliubadilisha mtungi. Sasa natumia wa lita 5 pekee: hata ukimiminika wote kwa usiku mmoja, 35 inashuka hadi kama 33, na hapo hakuna anayekufa. Boya nimelizungushia wavu wa plastiki ili konokono asilifikie. Na ncha ya mpira wa maji iwe juu ya maji ya tangi kila wakati, na kwa wenye pampu ndogo ya kujazia iwe juu pia ya kimo cha maji ya mtungi. Ikiwa chini ya maji ya mtungi, maji yanaweza kuendelea kuteremka yenyewe hata pampu ikizimwa; ikizama tangini, maji ya tangi yanaweza kurudi nyuma kwenye mtungi.

MamaTasi (Dar es Salaam)

Wakuu, mimi yangu ni umeme. Tangi langu la juu linamwagia tangi la chini, pampu inarudisha maji juu. Kwa mpangilio huu tangi la juu halionyeshi kupungua hata siku moja. Upungufu wote unaonekana kwenye chumba cha pampu huko chini, na chumba chenyewe ni kidogo sana, kwa hiyo lita tatu tu zinashusha maji kwa vidole vinne. Mara ya kwanza sikujua hilo. Juu kumejaa, nikaridhika, mpaka pampu ikaanza kunyonya hewa na tangi zima likajaa vipovu vidogo vidogo. Ile sauti ya kukoroma ndiyo iliyoniamsha.

La pili lilitokea nikiwa kazini. Umeme ulikatika, maji ya juu yakateremka chini kama yanavyopaswa. Mpwa wangu akaona tangi la juu limepungua, akajaza ndoo nzima. Hakuwa na kosa, sikuwa nimemweleza. Umeme uliporudi chumba cha pampu kikawa kimejaa kupita kiasi, na chumvi imeshuka. Siku mbili baadaye umeme ukakatika tena na maji yakafurika mpaka chini ya zulia.

Nilichofanya ni kuchora mistari miwili kwa maka peni kwenye kioo cha tangi la chini. Mmoja ni kimo cha maji pampu ikiwa inazunguka. Wa pili ni kimo pampu ikiwa imezimwa. Nimeandika pembeni: "Umeme hakuna, usijaze kitu." Nyumba nzima inajua.

Halafu feni. Joto la Januari na Februari lilinilazimu kuweka feni ya kupuliza juu ya maji, na kweli inapoza, lakini inapoza kwa kuyakausha maji. Kutoka lita mbili nikafika karibu nne kwa siku. Ukiweka feni bila kuongeza kujazia, umehamisha shida kutoka kwenye joto kwenda kwenye chumvi.

MweziMpevu (Muscat)

Salaam aleikum jamaa zangu. Hapa kiyoyozi kinafanya kazi karibu mwaka mzima, hewa ya ndani ni kavu, na maji yanaruka haraka sana. Lile bomba la kiyoyozi linatoa ndoo nzima ya maji kila siku, meupe, hayana chumvi. Niliona ni riziki. Nikajazia hayo kama miezi miwili.

Kwanza waliacha kutembea konokono. Baada yao akafa kaa mdogo anayeishi ndani ya kome, halafu kamba. Samaki walikuwa wazima, wanakula, ndiyo maana nilichelewa kuelewa. Maji yale yanadondoka kwenye mabomba ya shaba. Nilinunua vipimo vya shaba, vikaonyesha rangi mara ya kwanza tu. Shaba kiasi kidogo sana inatosha kuua wanyama wasio na uti wa mgongo, ilhali kwa samaki hutumiwa hata kama dawa. Nilibadilisha maji mara nyingi na kuweka kaboni, ule mkaa maalumu wa kuchujia, lakini jiwe hufyonza shaba, na mpaka leo sijarudisha konokono humo.

Nawaomba sana, maji kuonekana safi kwa macho hakutoshi.

Mkaa_Kisiwani (Pemba)

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ninalo tangi dogo, lita 60. Mashine ya kuchuja kwa osmosi, ile inayoondoa chumvi na madini kwenye maji, sina uwezo nayo. Nina maji ya kisima, ya mvua, na dukani kwa spea kuna maji ya betri. Nichukue yapi?

Raskazone (Tanga)

Marahaba mdogo wangu. Kisima cha karibu na pwani mara nyingi kina chumvi yake na chokaa, kwa hiyo kila ukijazia unaongeza kitu kisichoruka, kinarundikana. Mvua ni nzuri ukiikinga wazi kwenye ndoo au turubai safi, baada ya kuacha manyunyu ya kwanza yaoshe vumbi. Usichukue ya kwenye bati, bati lina zinki. Maji ya betri, kama ni yale yaliyotoneshwa kweli, yaani mvuke wa maji uliopozwa ukawa maji tena, yanafaa kabisa, lakini kuwa makini mno: kuna chupa zinazofanana ambazo ndani ni asidi. Soma karatasi, muulize muuzaji, na usipokuwa na hakika iache dukani.

Ya bomba nayo yana klorini, na mara nyingi madini yanayolisha mwani. Kuyaacha wazi usiku kucha husaidia klorini ya kawaida itoke, madini hayatoki.

Theluji_na_Chumvi (Minneapolis)

Huku kwetu tatizo ni wakati wa baridi. Kipasha joto cha nyumba kinakausha hewa, na tangi langu la lita 300 hupoteza karibu maradufu ya kiangazi. Nilifunika kwa mfuniko wa kioo, upotevu ukapungua, lakini joto likapanda na hewa haikuingia vizuri, nikahamia kwenye wavu. Najazia kwa mkono asubuhi na jioni, kikombe kwa kikombe, palepale maji yanapotoka kwa kasi ili yachanganyike. Ni dakika tatu, na katika dakika hizo ndipo ninapomwona samaki asiyekula.

MamaTasi (Dar es Salaam)

@Mkaa_Kisiwani mdogo wangu, umeshapima chumvi? Lita 60 inabadilika haraka kuliko matangi yetu.

Mkaa_Kisiwani (Pemba)

Nimeazima refraktomita kwa mwalimu wangu, imesoma 39. Nimekuwa nikijazia ya bahari, dada. Sikujua. Nina samaki wawili na jiwe lenye matumbawe laini.

MamaTasi (Dar es Salaam)

Bado hujachelewa. Kwanza hakikisha hiyo refraktomita inasoma sifuri kwenye maji yaliyotoneshwa. Kisha usimimine kwa mkupuo. Leo jioni toa lita moja na nusu, rudisha lita moja na nusu ya mvua yenye joto sawa na la tangi, polepole. Fanya hivyo kila siku, pima kila asubuhi, ukifika 35 acha. Itakuwa siku nne au tano. Chora mstari kwenye kioo leo hii.

Mkaa_Kisiwani (Pemba)

Nimechora. Nimetoa lita moja na nusu, nimerudisha kwa kikombe, saa nzima. Samaki wote wawili wako nje ya jiwe wanazunguka. Kesho asubuhi nikipima nawaletea namba.