Wakuu, nimeambiwa nidungwe rangi ili nipigwe picha ya jicho. Ni salama?

Dereva_Tabata: Habari za jukwaa. Jicho la kulia jekundu, mwanga siuwezi. Daktari kasema kuna uvimbe ndani, anataka nidungwe rangi mkononi nipigwe picha. Nasikia mtu anageuka njano mwili mzima?

Mama_Watatu: Pesa tu hizo. Mwanangu wa pili nilimkamulia maziwa ya mama, siku mbili kapona.

Fundi_Miwani: Usimsikilize. Nipo kliniki ya macho. Rangi ni fluoresini. Sekunde 10 hadi 15 imeshafika jichoni, kamera inapiga mfululizo. Mshipa mzima hauvujishi. Wenye uvimbe unavuja, kwenye picha weupe unatanda kama chai iliyomwagikia kitambaa. Ngozi inakuwa njano saa chache, mkojo unabadilika rangi siku moja hivi. Wengine kichefuchefu. Kama una aleji, sema kabla. Umetumia dawa gani?

Dereva_Tabata: Za kawaida tu.

Fundi_Miwani: Zipi?

Dereva_Tabata: Deksamethasoni, duka la mtaani, tangu mwezi wa tatu. Msinisakame, nikiweka tone jicho linatulia, na bodaboda hainisubiri. Nataka nimalize hii chupa, picha baadaye.

Babu_Ngamizi: Mimi jicho lilianza hivyo hivyo, kumbe na mgongo uliokuwa unakakamaa kila asubuhi ni ugonjwa mmoja. Daktari alinimulika kwa ile taa ya mwanga mwembamba, akasema anaona chembe nyeupe za damu zinaelea, kama vumbi kwenye mwale wa jua dirishani. Anazihesabu! Enzi hizo nilikuwa na baiskeli ya Wachina...

Kisu_Kikali: Chai. Mwenye jicho bovu kaandika yote haya bila kukosea herufi?

Dereva_Tabata: Naandika mimi, mdogo wake. Yeye anasema tu. Sasa ameenda kuoga. Hajawaambia kwamba presha ya jicho ilikuwa 34.

Kisu_Kikali: Duh. Samahani dogo.

Fundi_Miwani: Kawaida ni 10 mpaka 21. Hizo dawa zinaficha uvimbe huku zinapandisha presha, na mshipa wa fahamu wa jicho ukifa haurudi. Kesho asubuhi mpeleke, beba na chupa. Asiziache ghafla kabla daktari hajasema. Atakubali?

Dereva_Tabata: Hajakubali. Ila funguo za pikipiki ninazo mimi.