"Si vimehifadhika?" Yule fundi wa droo za pikapu, Unga Limited, amenimaliza

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa juu ya tairi la spea nje ya kibanda chake. Mikono inatetemeka, chaji imebaki asilimia kumi na moja. Nikikosea herufi mnisamehe, na nikitukana mnisamehe zaidi.

Jina simtaji, na wala halihitajiki. Mtu yeyote Arusha hii aliyewahi kuchomelea hata kitasa cha banda la kuku anamjua. Yule mwenye penseli sikioni ambayo tangu iingie pale haijaandika kitu. Anapima kwa futi kamba, anaikunja vizuri, anaiweka mfukoni, halafu anakata kwa macho. Ndiyo huyo huyo.

Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Ameniambia, "Si vimehifadhika?"

Ngoja nianze mwanzo maana nikirukia hapo nitalia.

Kazi yangu ni pampu za visima. Nina Hilux ya milango minne, nazunguka Monduli, Longido, mpaka Simanjiro. Miaka yote spana zangu zimeishi kwenye ndoo za rangi nyuma ya gari. Ukifika kwenye kisima ndoo zimelala chali, na spana namba 17 imehama, iko chini ya godoro la mteja uliyempa lifti juzi. Nikachoka. Nikaona video za Wamarekani, wana mfumo unaitwa DECKED. Droo mbili ndefu zimelala chini, juu ni sakafu bapa unapakia mzigo kama kawaida. Droo inatembea juu ya magurudumu, moja inabeba kama kilo 90, na kuifunga hawatoboi bodi hata tundu moja, wanashika kwenye zile kulabu za kufungia mzigo. Unavuta kwa kidole kimoja. Nikasema na mimi nife nimevuta droo.

Nikampelekea video. Akaitazama sekunde nne. Akasema, "Hili si kabati la jikoni limelazwa tu?"

Pale pale ningewasha gari niondoke. Sikuondoka. Mama yangu hakuzaa mtu mwenye akili, alizaa mtu mwenye laki sita na nusu.

Tulikubaliana plaiwudi ya marini, ile inayovumilia maji, milimita 18. Kaweka MDF, ile mbao ya vumbi la mbao na gundi, kaipaka rangi nyeusi, kaniambia hiyo ni marini ya kisasa. Tulikubaliana reli nzito. Kaweka reli za droo ya vijiko, zile unazoona kwa mama ntilie mwenye uwezo. Siku tatu zikawa kumi na tisa: mara umeme umekatika, mara mkwe wake kaja, mara grinda imeazimwa Mbauda na mwenye nayo kaenda kuzika. Kumbe muda wote boksi liko tayari, ila haliingii! Alipima upana kule mlangoni, akasahau kwamba ndani kuna matao ya tairi, na kati ya matao mawili ya Hilux hupati hata mita moja na robo. Mtu mwenye akili timamu angepunguza boksi. Yeye akachukua nyundo akagonga matao. Akagonga GARI, ili gari ipishe KABATI.

Halafu akachomelea miguu ya fremu kwenye bodi. Tenki la mafuta liko chini yake, sigara iko mdomoni. Nilipouliza akasema, "Bosi, moshi wa juu hauendi chini."

Sawa. Nikavumilia, maana siku ya kwanza droo ilifunguka. Niliivuta mara ishirini mbele ya majirani. Mke wangu akaniambia inatosha, unatia aibu.

Jumamosi nikapita mnadani Meserani, nikachukua mguu wa mbuzi. Nikautia droo ya kulia pamoja na spana zote, nikaelekea kwenye kisima kimoja mbele ya Makuyuni. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Ukiacha lami kule barabara ni mawimbi matupu kama bati la m-south, gari inatetemeka mpaka fulana inakuvuka. Nafika, mzee yuko pale na ng'ombe ambao sikuthubutu kuwahesabu, akina mama na madumu, watoto wamepanga foleni. Nikashusha mlango wa nyuma kwa madaha. Nikavuta.

Ikatoka sentimita kumi. Ikagoma.

Nikavuta tena, mguu nimeukanyaga kwenye bampa. Sentimita kumi. Nikaingiza mkono, ukafika kwenye kifundo. Spana malaya niliigusa kwa vidole viwili, tukasalimiana, tukaachana. Ng'ombe wananitazama. Mzee akasogea, akachungulia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ero, umekuja na kabati?"

Nikaazima spana ya bodaboda. Pampu ya maji ya kijiji kizima nimeifungua kwa spana ya pikipiki.

Sasa leo nimemrudishia. Namkuta anakula makande kwenye hotipoti. Namweleza yote, mvua, mzee, ng'ombe, nyama iko ndani tangu Jumamosi na leo ni Jumanne. Hakuinua kichwa, wakuu. Akatafuna, akameza, akachota kijiko kingine, akasema:

"Bosi, wewe ulikuja hapa ukasema unataka droo ya kuhifadhia vitu. Si vimehifadhika?"

SI VIMEHIFADHIKA.

Dogo wake wa grinda akacheka mpaka akakaa chini. Nikauliza kuifungua je? Akasema kufungua ni kazi nyingine, elfu hamsini. Na ALIKUWA ANATAFUNA. Niliwahi kutapeliwa kiwanja Kisongo na sikuumia hivi, maana yule tapeli alau alinitazama usoni.

Mbwa wote wa Ngarenaro wamenifuata mpaka hapa. Sasa hivi wako saba chini ya gari.

Chuma Chakavu
Uzi bila picha ni kama droo isiyofunguka. Weka picha.

Mama Kuku Njiro
Jamani huyo baba namjua! Kanitengenezea kabati la vyombo, milango miwili, ukifungua huu unaziba ule. Nikampigia nikamwambia fundi milango inagongana. Akanijibu, "Mama, fungua mmoja mmoja, una haraka ya wapi?" Mpaka leo sahani za wageni nazitoa kwa kuinamisha kabati.

Kofia ya Sola
Mimi namtetea fundi. Nyama imekaa siku tatu haijaibiwa. Arusha hii? Vimehifadhika.

Mtu wa Karatu
Mkuu pole, ila hata mimi ningecheka. MDF nyuma ya pikapu? Ile ikinusa mvua inaumuka kama andazi, na ikishaumuka hairudi. Halafu reli za vijiko ukazitwika spana za pampu na mguu wa mbuzi. Lakini tatizo la kwanza kabisa ni fremu kutokuwa skwea. Shika futi kamba pima kona kwa kona, halafu kona kwa kona nyingine. Vipimo viwili visipolingana reli zimepishana, hapo hata umwage grisi ya treni itatoka sentimita kumi na kugoma. Na umetembea kwenye mawimbi yale na boksi limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, bodi likijipinda nalo linapinda. Wenzako wanafunga kwa boliti na raba katikati. Pale alipochomelea rangi imeungua, subiri kutu.

Mwenye uzi
Mtu wa Karatu, asante, ila sikuja kuomba darasa. Mimi nimekuja kusema kwamba ALIKUWA ANATAFUNA. Mtu anakuambia neno zito namna hiyo na punje ya mahindi iko mdomoni!

Chuma Chakavu
Picha.

Nyundo ya Mbauda
Mimi ni fundi na leo nitasema ukweli, mnichukie. Mteja anakuja na video ya Marekani, kitu ambacho kwao ni zaidi ya dola elfu moja kabla hakijapanda meli. Mfukoni ana laki tatu, nyingine anakuambia "tukimaliza". Ukimwambia marini anashika moyo. Ukimwambia reli zenye beringi anauliza hakuna za kuanzia? Ukimwekea za kuanzia anakuja kukuandika mtandaoni. Huyo jamaa makosa yake ni nyundo kwenye matao, hapo simtetei. Lakini makande ni haki yake, ilikuwa saa saba mchana.

Mama Kuku Njiro
Nyundo ya Mbauda, wewe ndiye uliyeweka geti la kwa shangazi yangu Moshono? Lile linalofungukia barabarani likapiga bajaji?

Nyundo ya Mbauda
Mama naomba tusichanganye mada.

Kibosho Halisi
Ndiyo maana nawaambia watu wa Arusha mje Moshi. Huku fundi anakunyooshea kazi, anakufutia na vumbi. Mji wenyewe msafi, ukitupa ganda la ndizi unashikwa. Nyie hapo mna Fundi Maiko, yaani fundi kanjanja, kila kona, halafu mnajiita jiji.

Chalii wa Sombetini
Moshi?? Arif usinichekeshe. Fundi cherehani wenu wa Moshi alinishonea suruali ya sendofu ya dada yangu. Mguu mmoja umefika kwenye kiatu, mwingine bado uko Bomang'ombe. Nimempelekea, unajua kasemaje? "Kwenye picha simama ubavu." Nimesimama ubavu sendofu nzima. Picha zote niko kama sarafu. Wakwe walidhani nina tatizo la shingo.

Kofia ya Sola
Kama sarafu 😂😂 Huyu apewe uzi wake.

Mama Kuku Njiro
Ubavu! Uwiii. Kwa hiyo kwenye keki ulikulaje?

Mwenye uzi
Jamani rudini kwangu. Dogo wa grinda ameanza kuniangalia, nadhani kuna mtu kawaonyesha huu uzi. Na nimemwambia fundi anifungulie nilipe elfu thelathini, akasema "sasa hivi nimeshiba, njoo jioni."

Chalii wa Sombetini
Mama, keki nililishwa kwa pembeni kama ng'ombe anayepewa dawa.

Mtu wa Karatu
Mwenye uzi, usimlipe. Toa mlango wa nyuma wote, ni boliti chache, kisha ingia kwa juu, fungua zile skrubu za mfuniko. MDF iliyoumuka skrubu zinatoka kwa mkono.

Mwenye uzi
Bisibisi iko ndani ya droo.

Kofia ya Sola
Vimehifadhika.

Dereva Mstaafu
Mimi sijaelewa jambo moja. Huo mguu wa mbuzi pale Meserani ulinunua shilingi ngapi? Maana mimi wiki iliyopita wamenipiga bei nikadhani nanunua na mwenye mbuzi.

Kibosho Halisi
Mzee wangu mbuzi mnakula na Wamaasai huko, sisi huku tunakula kitimoto na ndizi, hatuna presha. Lakini turudi kwa huyo fundi cherehani, chalii. Unasema ni wa wapi hasa?

Chalii wa Sombetini
Simtaji. Karibu na Memorial pale, mitumba ilikojaa. Ana futi kamba shingoni na kipara kimoja upande wa kushoto.

Kibosho Halisi
Mweupe? Anakuita "mwanangu" kabla hajakupima?

Chalii wa Sombetini
HUYO HUYO.

Kibosho Halisi
Ana suti yangu tangu Pasaka.

Dereva Mstaafu
Hata mimi ana koti langu. Ila kuhusu bei ya mbuzi hamjanijibu.