Nimeuziwa tairi za 2017 kama mpya, wakazifunga ndani-nje ili nisione mwaka!

Wakuu, nimejizuia wiki nzima nisiandike kwa hasira. Nimeshindwa.

Gari ni Subaru Impreza STI ya 2004, saizi ya tairi 225/45R17. Ndilo gari langu la kila siku, Kimara hadi Posta na kurudi, foleni, matuta, mashimo, masika yote. Sina lingine. Nalisema hili mapema maana najua kuna watakaokuja na "kwani unaenda rali?" Siendi rali. Nataka gari lenye nguvu zile lisimame pale ninapolisimamisha, basi.

Kuchagua kwenyewe kulinila miezi miwili. Zile zinazonata kama gundi, mfano Bridgestone RE-71R, kipimo cha kuisha kilichochapwa ubavuni ni 200. Ni tamu siku ya mashindano, lakini kwa safari za kazini kila siku zitakufilisi. Ukipanda kwenye 500 na kuendelea unapata tairi ya kudumu, ila mshiko kwenye maji mara nyingi unaulipia. Nikaamua nikae katikati, 300 na kitu, zenye mifereji mipana ya kumwaga maji. Na nikataka iandikwe 94Y. Hiyo 94 maana yake tairi moja inabeba kilo 670, na Y ni mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa.

Dukani wakacheka. "Bosi, hiyo 300 utaikimbizia wapi? Chukua H, bei nusu." Herufi ile ya mwendo, ndugu zangu, ni uwezo wa tairi kuvumilia joto ikizunguka muda mrefu. Mtu anayeshuka Dodoma saa saba mchana na gari limejaa ndiye anayeijua kazi yake. Sikubishana. Nikalipa 450,000 kila moja, tairi 4, jumla 1,800,000. Nikaambiwa nikae ndani kwenye feni vijana wakifunga, nikaletewa na soda. Soda ile sitaisahau.

Siku ya kwanza raha. Wiki ya pili nikaanza kusikia ngurumo upande wa nyuma, nikajiambia ni beringi. Wiki ya tatu mvua ikanyesha, nipo Sam Nujoma, mwendo hata 60 haufiki, nikagusa breki taratibu: makalio ya gari yakaenda upande wake na mimi upande wangu. Gari linalovuta miguu yote minne! Bodaboda aliyekuwa pembeni ndiye aliyenisaidia kupiga kelele.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja anayepima alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Akalinyanyua, akazunguka mara moja, akaniita. "Kijana wangu, unajua kusoma?" Nikasema najua. "Soma hapa." Ubavu wa tairi ya nyuma, kwa herufi kubwa, umeandikwa INSIDE. Umetazama nje. Tairi hizi zina upande wa ndani na wa nje, kashata zake (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) hazifanani, na za mbele zimefungwa sawa kabisa. Za nyuma zote mbili zimegeuzwa. Mimi tairi hizo nimeziosha Jumamosi mbili kwa mkono wangu, nikazipaka na dawa ya kung'arisha, neno linanitazama usoni!

Mzee akasema fundi anayefunga sawa mbele hawezi kukosea nyuma mara mbili, labda kuna kitu kinafichwa. Akaingiza tochi upande wa ndani. Pale mwishoni mwa namba ya DOT, ile ndefu ya kiwandani iliyochapwa ubavuni, kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Za mbele zinasomeka 3824, yaani wiki ya 38 ya 2024. Za nyuma 1117. Wiki ya 11 ya 2017! Tarehe hiyo mara nyingi huchapwa kamili upande wa nje, kwa hiyo ukiigeuza tairi, mwaka unalala uvunguni ambako hakuna mteja anayeinama.

Bonyeza kwa ukucha. Za mbele ukucha unaacha alama, inarudi polepole. Za nyuma ni kama unabonyeza soli ya kiatu kilichosahaulika juu ya bati. Kati ya kashata kuna nyufa nyembamba kama nywele. Kashata zenyewe ndefu, hazijaguswa, ndiyo maana kwa macho ni mpya. Mpira umekufa ukiwa stoo.

Nikarudi dukani. Jibu nalinukuu: "Kaka, tairi haijawahi kutembea, hiyo ni mpya. Mpya ni mpya." Nikauliza mbona zimegeuzwa. "Vijana hao." Nikauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mbona imeandikwa "TAIRI 4" tu, bila jina wala saizi. Kimya. Mwisho akajifanya muungwana: niongeze laki moja anipe mbili za jina lingine kabisa niweke nyuma. Anamwambia hivyo mwenye Subaru! Gari hili mizunguko ya tairi zote nne inatakiwa ilingane, tofauti ya mzingo isizidi kama milimita 6, la sivyo difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inapigana na nafsi yake kila mita ya safari. Anauza tairi za Subaru, hilo halijui, au analijua na haimhusu.

Jina la duka sitaji hapa, msinisumbue PM.

Kwa anayenunua wiki hii: usikubali soda. Simama pale pale tairi zikiwa bado hazijaingia kwenye rimu, soma tarakimu nne kwenye kila moja, zote nne, piga picha, na wakuandikie jina, saizi na hizo tarakimu kwenye risiti. Wakikataa, ondoka na hela yako.

Swali langu ni moja. Kuna aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani, wale wanaolinda walaji? Ulianza na barua au ulienda na tairi zenyewe? Zangu nimeshazivua, zipo sebuleni, mke wangu amenipa hadi Ijumaa.