Babangu anasahau sana. Nilipie kipimo cha protini za ubongo?

Bi_Kibokoni: Assalam aleikum jamani. Babangu ana miaka 71, karani mstaafu wa bandarini. Siku hizi akitoa salamu ya kumaliza swala tu anauliza, "Nishaswali?" Juzi kaenda Marikiti akarudi na nazi, akatoka tena, akaja na nazi nyingine. Ana sukari ya miaka mingi, na usiku anameza Piriton, ile dawa ya mzio, apate usingizi.

Daktari ametaka atolewe maji ya uti wa mgongo yapimwe protini. Mama amekataa katakata, asema sindano ya mgongo hupooza mtu. Binamu yangu wa Uingereza anasema damu yatosha, kipimo chaitwa p-tau217, ila sampuli isafirishwe nje. Bei imenitoa jasho. Nilipe?

Mwana_Likoni: Uzee huo dada. Mpe habasoda, msomeeni na dua.

Fundi_Maabara: Dua haikatazwi, lakini kusahau kiasi hicho si uzee tu. Mimi ni wa maabara, si daktari wa ubongo. Kwenye Alzheimer's, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, protini iitwayo amiloidi beta huganda ubongoni, ndiyo maana aina yake moja, amiloidi beta 42, hupungua kwenye maji ya mgongo: imenaswa juu huko. Protini nyingine, tau, nayo hupanda, na aina yake ya p-tau217 ndiyo inayoonekana vizuri hata kwenye damu. Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinachoilinganisha na amiloidi beta 42, kwa wenye miaka 55 kwenda juu ambao tayari wana dalili. Hata hivyo hakitoi hukumu peke yake.

Sasa hiyo sukari, yaweza kuchosha figo. Figo zikichoka, p-tau217 yaweza kupanda kwenye damu hata kama ubongo hauna Alzheimer's. Apimwe kreatinini kwanza, kipimo cha figo. Wakikuuzia na kipimo cha neurofilamenti, protini ya neva, jua kwamba hiyo hupanda neva zikiumia kwa sababu yoyote, hata kiharusi. Yakuonyesha moshi, haikwambii ni jiko la nani.

Mama mtoe hofu: sindano hupigwa chini kiunoni, ule uti wa neva wenyewe umeishia juu yake. Usumbufu wa kawaida ni kuumwa kichwa siku chache.

Nesi_Tudor: Mbona mmeruka hatua? Hiyo Piriton kwa mzee huvuruga akili, na watu wanaimeza kama peremende! Anatumia metformini, ile dawa ya sukari? Ikitumiwa miaka mingi hushusha vitamini B12, na B12 ikipungua mtu husahau. Hiyo inatibika kwa sindano. Apimwe pia tezi ya shingo, VVU na kaswende (usione haya, ni utaratibu), na skani ya kichwa, maana mzee akianguka damu yaweza kuvuja polepole ndani. Mulizeni pia kama ana huzuni.

Bi_Kibokoni: Metformini ndiyo, tangu mimi niko shule ya msingi. Haya, tuseme yote yatoke sawa. Hizo protini zitabadilisha nini?

Fundi_Maabara: Donepezili, dawa ya kusaidia kumbukumbu, daktari anaweza kumwandikia bila kipimo cha protini. Uthibitisho wa amiloidi unatakiwa kabla ya lecanemab au donanemab, dawa za kuondoa amiloidi ubongoni. Hizo kwa kawaida huanzwa kwa dripu, ni za walio hatua za mwanzo, na lazima MRI (picha za ubongo) za mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kama hamna mpango huo, mie nisingelipa sasa.

Mama_Zuu: Mie nakupinga kidogo. Kwa mamangu, jibu lilipotoka wale waliokuwa wakisema karogwa walinyamaza, tukagawana zamu za kumkalia. Hilo nalo lina thamani yake.

Bi_Kibokoni: Shukran nyote. Naanza na B12, figo na skani. Piriton nimkatie leo?

Nesi_Tudor: Mpeleke na mfuko wa dawa zote, vidonge vyenyewe, si majina ya kukariri. Daktari azione moja moja, naye atakwambia ipi iondoke na atumie nini apate usingizi. Sukari apimwe hapohapo pia, ikishuka nayo huchanganya akili.