Kikundi cha Ukoo: Nafasi Aliyopangiwa Kijana, na Habari za Luke Kuechly

Shangazi (Tanga): Assalamu alaikum wana ukoo. Nimeiona picha ya mjukuu wangu akiwa na kofia ngumu na mabega yametuna kwa kinga, na chini yake baba yake ameandika kwamba kocha wa shule amempangia nafasi ya lainibeka. Naomba aelezwe mtu mzima kwa utulivu: nafasi hiyo ina kazi gani, na waliokula mkate wao kwayo waliishia wapi?

Baba wa kijana (Charlotte): Wa alaikumu salamu. Shikamoo Shangazi. Katika mpira huu wa Kimarekani kila timu huwa na watu 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Lainibeka ni wa timu inayozuia. Husimama hatua chache nyuma ya wale wanene wanaosukumana mbele, akisoma mpira unaelekea wapi, kisha humwangusha aliyeubeba au humfuata anayekimbilia pasi. Hapa Charlotte ukiitaja nafasi hiyo utajibiwa jina la Luke Kuechly, aliyevaa jezi namba 59 ya Carolina Panthers, timu ya mji huu, na ndiye ambaye kijana anamtazama kwenye video mpaka namnyang'anya simu.

Shangazi (Tanga): Marahaba mwanangu. Endelea.

Binamu (Nairobi): Kabla hajaendelea, naomba ikumbukwe kwamba hata sisi Wakenya tumeionja nafasi hiyo. Daniel Adongo aliacha raga mwaka 2013 akasajiliwa na Indianapolis Colts kuwa lainibeka wa pembeni, na mwaka huohuo akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL, ligi kuu ya mpira huo. Alicheza mechi chache tu, na majeraha hayakumpa nafasi, lakini alifika.

Baba wa kijana (Charlotte): Ni kweli, na nguvu za Adongo hakuna aliyezitilia shaka. Kilichokuwa kigumu kwake ni kujifunza ukubwani mchezo ambao wenzake walilelewa nao, na hapo ndipo Kuechly alipowazidi wengi. Alizaliwa Cincinnati mwaka 1991, akasoma Boston College, na Panthers wakamchukua mwaka 2012 akiwa chaguo la tisa katika zamu ambapo timu za ligi huchagua vijana wapya. Msimu wake wa kwanza aliongoza ligi nzima kwa kuangusha watu, mara 164, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, akatangazwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yote. Katika mechi moja na New Orleans, Desemba 2013, alihesabiwa kuangusha mara 24.

Lakini hesabu hizo hazielezi alivyokuwa akicheza. Katika kila timu ya NFL mchezaji mmoja wa ulinzi huwa na spika ndogo ndani ya kofia, na nyuma ya kofia yake hubandikwa alama ya kijani. Kocha humweleza mpango kwa redio, ila mawasiliano hukatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mpira, na kutoka hapo yeye peke yake ndiye anayewaelekeza wenzake. Kwa Panthers mtu huyo alikuwa Kuechly. Ukitazama mechi zake utamwona akinyoosha mkono, anapaza sauti, anamsogeza mwenzake kushoto, na mara nyingi anautaja mchezo wa wapinzani kabla haujaanza, kwa sababu wiki nzima alikuwa amejifungia akitazama video za mechi zao. Januari 2016 alinasa pasi za Seattle na za Arizona katika wiki mbili zinazofuatana, na zote mbili akakimbia nazo mpaka mstari wa mwisho.

Binamu (Nairobi): Halafu wakashindwa fainali.

Baba wa kijana (Charlotte): Wakashindwa na Denver, 24 kwa 10, Februari 2016. Taji hilo hakulipata kamwe.

Dada (muuguzi, Dar es Salaam): Shikamoo Shangazi, habari zenu wote. Kaka, umetueleza kichwa chake kilivyofanya kazi, lakini hujatueleza kilivyogongwa.

Baba wa kijana (Charlotte): Nilikuwa nakuja huko. Septemba 2015, katika mechi ya kwanza ya msimu, alipata mtikisiko wa ubongo akakosa mechi tatu. Novemba 2016, usiku wa Alhamisi dhidi ya New Orleans, aliumia tena, na kamera zikamwonyesha akitolewa uwanjani kwa kigari huku akilia kwa kwikwi, mtu mzima wa kimo kile, hawezi kujizuia. Hakucheza tena msimu ule. Mwaka 2017 ikatokea mara ya tatu. Tayari alikuwa akivaa kola maalumu shingoni, inayobana kidogo mishipa ya damu ili ubongo usisukwesukwe sana ndani ya fuvu.

Dada (muuguzi, Dar es Salaam): Wanaomshabikia hukumbuka machozi yale kama huzuni ya mchezaji, lakini kulia bila kujizuia ni mojawapo ya dalili za ubongo uliotikisika. Na si mitikisiko mikubwa pekee inayotisha. Lainibeka hugongana na watu karibu kila mpira unapoanzishwa, mwaka hadi mwaka. Junior Seau aliicheza nafasi hiyo misimu 20, akajiua mwaka 2012 akiwa na miaka 43, na ubongo wake ulipochunguzwa ukakutwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, ambao mpaka sasa huthibitishwa baada ya mtu kufa tu.

Bibi (Korogwe): Huyu Luka yu hai?

Baba wa kijana (Charlotte): Yu hai, Bibi, shikamoo. Aliacha mwenyewe Januari 2020, ana miaka 28, mkataba wake ukiwa umebakiza miaka miwili, naye bado anachaguliwa miongoni mwa walio bora. Alisema moyo wake ungali unataka kucheza, ila hawezi tena kucheza kwa kasi na nguvu alizozizoea. Baadaye akaingia kwenye redio ya timu, anatangaza mechi.

Binamu (Nairobi): Mimi bado naona aliondoka mapema. Misimu minane, mara saba akiitwa Pro Bowl, yaani mechi ya nyota wa ligi, na bila pete ya ubingwa.

Dada (muuguzi, Dar es Salaam): Binamu, aliyetikisika ubongo mara tatu huhesabu mengine kabla ya pete.

Shangazi (Tanga): Nimeelewa. Sasa mjukuu wangu analindwaje huko shuleni?

Baba wa kijana (Charlotte): Jimbo letu la North Carolina lina sheria ya mwaka 2011 inayoitwa Gfeller-Waller, kwa majina ya wanafunzi wawili waliofariki mwaka 2008 baada ya kuumia kichwa uwanjani. Mzazi na mtoto hutia saini kwamba wameelezwa dalili, na mwenye dalili hutolewa, harudi siku hiyo, na baadaye harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba amepona. Fomu ninayo mezani, sijaisaini.

Shangazi (Tanga): Basi usiisaini leo. Kesho nitapiga saa mbili usiku, huko kwenu itakuwa saa saba mchana, nizungumze na mtoto mwenyewe na mama yake. Muuguzi wetu naye awepo kwenye simu hiyo.

Dada (muuguzi, Dar es Salaam): Nitakuwepo, Shangazi. Nitumie fomu hiyo nikaisome usiku huu.